Jioni ya Taa Katika Mikaratusi

Kila mwaka kabla ya kufunga shule kwa ajili ya Krismasi, shule yetu ya msingi kule Nyakatuntu ilikuwa na matembezi ya taa. Jua likishazama, wanafunzi, walimu na wazazi tuliondoka shuleni kwa mstari na kupita msitu wa mikaratusi hadi kanisani, tukiimba nyimbo za Majilio. Wenye chemli walibeba chemli. Sisi wengine tulibeba koroboi ndani ya kopo lililotobolewa matundu kwa msumari, upepo usije ukaizima.

Mwaka niliokuwa darasa la tano, mwanzoni mwa miaka ya tisini, mama alikuwa na mimba kubwa. Baba alikuwa Nyakasimbi, akipalilia mashamba ya watu.

"Mama, baki nyumbani," nilimwomba. "Njia inateleza."

"Siku zangu bado," alisema huku akifunga kitenge. "Mdogo wako anaimba mbele ya watu kwa mara ya kwanza. Nisimsikie?"

Mdogo wangu, wa darasa la kwanza, alitangulia na wenzake. Mimi nilitembea kando ya mama. Sikuimba. Nilikuwa nasikiliza anavyohema, kwa sababu mwaka ule ule jirani yetu alikuwa amefariki akijifungua, na mama ndiye aliyemwosha.

Katikati ya msitu alisimama, akaegemea mti.

"Nenda na wenzako," aliniambia, lakini mkono wake ulikuwa umeng'ang'ania bega langu. Nilishusha kopo langu nikaona miguu yake imelowa.

Mwalimu wa hesabu, mama wa makamo tuliyemwogopa kuliko walimu wote, alitufikia kutoka nyuma. Alimpapasa mama tumbo, wakasemezana kidogo kwa Kinyambo. Kisha akapaza sauti.

"Akina baba, kimbieni mkalete engozi!" Hiyo ni machela ya kusuka tuliyobebea wagonjwa. "Akina mama, leteni taa hapa. Watoto, songeni mbele, na msiache kuimba."

"Mimi nabaki," nikasema.

"Mdogo wako ana nani kule mbele?"

Nikainua kopo langu. Nikaenda, nikigeuka kila mara. Taa zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, na wanawake walitandaza vitenge vyao kama pazia. Baadaye njia ilikata kona, sikuona tena kitu. Wimbo wetu ulifunika kila sauti, na nadhani ndivyo mwalimu alivyotaka, ila mimi niliuchukia wimbo ule.

Kanisani mdogo wangu aliimba vizuri. Alipomaliza alikuja mbio. "Mama amenisikia?"

"Anakuja," nikamwambia.

Katekista alisali sala ndefu. Sikufumba macho, nilikuwa natazama mlango. Mwalimu wa hesabu alipotokea alikuwa peku, khanga yake imelowa mbele. Aliniita kwa kidole. Nilijaribu kuusoma uso wake nikashindwa.

"Mna mdogo wa kike," alisema. "Analia huyo! Msitu mzima umemsikia."

"Na mama?"

Aliniweka mkono begani.

"Amepoteza damu nyingi. Wamembeba kwenda zahanati. Lakini anaongea."

Alitupeleka kwake, akatupa matoke, akatulaza kitandani pake, yeye akalala chini kwenye mkeka. Mdogo wangu alisinzia mara moja. Mimi niliogopa kulala, nikidhani nikilala nitaamshwa na kilio cha msiba.

Asubuhi tulikwenda wote zahanati. Mama alikuwa amelala chali, midomo imekauka, uso umepauka kama majivu, na mtoto kalazwa kwapani mwake.

"Shikamoo mama."

Alifumbua macho taratibu. "Marahaba," akasema, kwa sauti ndogo sana.

Nikamshika mkono. Ulikuwa na joto, si baridi kama nilivyoogopa usiku kucha. Sikuuachia mpaka muuguzi aliponitoa nje ili mama apumzike.