Sifa kwenye Gurudumu la Ndege

Nanuka papa aliyeoza, na kazi yangu ni ufundi wa ndege!

Asubuhi kindege chetu, kilichoundwa miaka ya hamsini, kilikuja kutua uwanja wa Manda, gurudumu la kushoto likagoma kutoka tumboni. Rubani akazungusha mpini wa dharura, ndipo likashuka.

Nikajilaza chini kuangalia.

Astaghfirullah, uvundo!

Mguu mzima wa gurudumu umepakwa mafuta meusi, yameshikana na mchanga kama gundi. Tone likanidondokea mdomoni.

MDOMONI, jamani.

Nikamwita Bwana Shee, mlinzi wetu, zamani fundi wa majahazi. "Nini hii?"

"Sifa, mwanangu," akajibu, kifua mbele. Yale mafuta ya papa ya kupaka majahazi! "Munyu wa bahari ulikuwa ukila chuma chako. Hata shukrani huna?"

Nikatapika mbele ya abiria.

Kutwa nimesugua kwa mafuta ya taa. Nimeoga mara tatu. Paka wa mtaa mzima wamenisindikiza mpaka mlangoni.

Na Bwana Shee amenuna, bado angoja nimpe sifa zake.

Nimpe zipi, jamani, na zote nimezimeza mimi?