Mbuzi Walinikuta Nimetulia

Juzi, gulioni Nyakahura, nilimwona mbuzi akitafuna maharage ya mtu, nikacheka peke yangu.

Kwetu Nyakisasa, nilipokuwa mtoto, Kiswahili kilikuwa cha shule tu, na shuleni kutulia maana yake ilikuwa kukunja mikono na kufunga mdomo. Aliyetikisika alionja fimbo. Alasiri moja shangazi, mgeni wetu kutoka mjini, aliniketisha kando ya maharage ya mbegu aliyoanika mama, yakinukia jua na vumbi. "Tulia hapa na haya maharage," akasema.

Nikakunja mikono. Mbuzi wakaja, wakatafuna kwa raha zao, kru, kru.

Shangazi akatoka mbio. "We mtoto! Mbuzi huwaoni?"

"Nawaona, shangazi. Lakini nimetulia."

Siku hizi, kabla sijamwambia mwanangu atulie, naangalia kwanza mbuzi wako wapi.