Mwendo wa Theodora

Zamani mtu wa kwetu Mwika alisindikizwa kaburini na tarumbeta za jirani zake, kwa mwendo wa waliombeba. Siku hizi anasindikizwa na spika iliyofungwa juu ya gari, na gari lina haraka.

Ndelilio hakuukubali mtindo huo. Alikuwa mkulima wa kahawa kama sisi wote, na kahawa ilipokufa akabaki akikata majani ya ng'ombe, lakini Jumapili na siku za mazishi alikuwa kiongozi wa tarumbeta za usharika wetu. Nami nilipiga chini yake mpaka meno ya mbele yaliponitoka, maana tarumbeta haipigwi kwa ufizi. Wengine walihamia mjini, wengine tuliwazika wenyewe, na vijana wakajichukulia kinanda cha umeme. Wakabaki wazee watatu, yeye akiwamo.

Mwaka jana mkewe, Theodora, akaugua moyo. Alimwomba mumewe jambo moja: asipelekwe kaburini na spika. Alitaka ule wimbo wa taratibu, wa ufunguo wa chini, uliompeleka mama mkwe wake. Ndelilio akawatazama wenzake waliobaki, mmoja ana pumu, akaona siku yenyewe ikifika huenda asiwepo wa kupiga. Tangu hapo hakutulia. Akikaa kibarazani anasimama; akisimama anaifuta tarumbeta isiyo na vumbi. Mjukuu wake Brenda, anayefanya kazi Moshi mjini, ndiye aliyemwambia warekodi sasa, wangali wazima.

Wazee wakashuka mjini kwenye studio ya kijana aitwaye Shakiru. Ana adabu, aliwaamkia shikamoo mmoja mmoja. Akawaketisha, akawavalisha hedifoni zenye mdundo wa kuwaongoza, na hapo ndipo walipopotea. Wimbo ule hawakuwahi kuupiga wameketi. Ulipigwa kwa kutembea, nyuma ya jeneza: wabebaji wakisita penye mfereji, wimbo unasita, wakipumzika, noti inavutwa mpaka wainuke. Ndelilio akavua hedifoni, akajaribu kutembea, ukuta ukamrudisha. Shakiru akasema hakuna shida, atarekebisha. Akarekebisha kweli: aliongeza mwendo, akapandisha ufunguo, akafuta pumzi za wazee akidhani ni makelele.

Brenda akaileta rekodi kwenye simu. Theodora akaisikiliza kitandani mpaka mwisho.

"Baba Eliaichi," akamwambia mumewe, "hawa wanawahi basi la wapi?"

Hakuna aliyecheka ila yeye.

Basi Shakiru akaitwa aje huku juu, akaja Jumamosi na kinasa sauti chake. Wazee wakasimama uani kwa Ndelilio, wakaanza, wakaacha, wakaanza tena, kila mara kwa mwendo mwingine, kwa kuwa mbele yao hapakuwa na wa kumfuata. Mwenye pumu akapendekeza benchi libebwe mbele yao badala ya jeneza. Ndelilio akamjibu kwa ukali kwamba yeye haziki benchi.

Ndipo Theodora akatoka ndani, kanga mabegani, fimbo mkononi, akasema atatangulia yeye. Mumewe akamzibia njia. Kwetu aliye hai hatembei mbele ya wimbo ule bila jeneza, ni kujiitia kifo.

"Mama Eliaichi, rudi ndani. Hapo mbele si pa mtu anayepumua."

"Sasa mwendo wangu mtaujuaje? Mkingoja nibebwe, mtapiga mwendo wa vijana watakaonibeba. Nao siwaamini, watakimbia."

Ndelilio akampisha. Kisha akainua tarumbeta.

Mimi nilikuwa nimeketi penye ua wa masale, mimea ya mpakani kati yangu na Ndelilio, mzigo wangu miguuni, nikimngoja binti yangu anichukue nikaishi kwake Chekereni, kwenye joto na mbu wa mashamba ya mpunga, ambako niko mpaka leo. Kwa hiyo ndivyo nilivyowaona mara ya mwisho: Theodora mbele, akishuka njia ya migombani kuelekea makaburi ya ukoo, wazee watatu nyuma yake, wakipiga chini, taratibu kuliko tulivyowahi kupiga, Shakiru pembeni, kinasa sauti mkononi. Penye mfereji, ambao siku hizi hauna maji, Theodora alisimama kupumua. Tarumbeta zikaishika noti ile, zikaendelea kuishika, na Ndelilio, mishipa ya shingo imemtoka, alikuwa ameukazia macho mgongo wa mkewe, hataki kuvuta pumzi kabla yake.