Fomu ya Ishirini

Mimi nauza kahawa ukumbi wa chini wa jengo moja la ghorofa saba, huku Kazanchis, Addis Ababa. Kila anayepanda na kushuka ananipitia, kwa hiyo mambo ya juu nayajua kuliko lifti. Lifti yenyewe siku nyingi imelala.

Gashe Zelleke nilimfahamu hapo hapo; Gashe ndivyo tunavyomwita kwa heshima mwanamume aliyetuzidi umri. Miaka hamsini na minane, koti la kahawia, mkoba uliokatika mkanda mmoja. Alifundisha kompyuta chuoni mpaka mkewe alipofariki, akaacha. Chama kimoja cha utafiti kikampa kibarua: azungukie mashirika ishirini, aulize wanawapataje watu wa kulinda kompyuta zao na wadukuzi, na wakishawapata wanawafundisha nini. Hayo tu. Ungedhani anawauliza wamezika wapi maiti.

Kila shirika na fomu yake, na alishajaza kumi na tisa. Ya ishirini ilikuwa ya kampuni ya bima ya ghorofa ya nne, na pungufu ya ishirini chama hakipokei ripoti. Wiki mbili nzima bawabu wao alimwambia njoo kesho, ndani hakufika.

Mchana alikula kwenye kona yangu, peke yake. Na kwetu sinia ni moja, mikono mingi. Anayekula peke yake anatazamwa kama mgonjwa. Basi yeye aligeukia ukutani. Siku moja nikamwambia, "Gashe, huo ukuta umeshashiba, mgeukie na mtu." Alicheka, ila kwa mdomo tu.

Asubuhi moja alisimama nje kwenye ubao wa matangazo ya kazi, ananakili tangazo la hao hao wa bima. Walitaka mlinzi wa mtandao mwenye uzoefu wa miaka kumi na umri usiozidi ishirini na tano. Tirunesh, katibu wa pale, akamkuta. Akaona mzee na mkoba wake, huruma ikamshika. Kabla hajajieleza, alishavutwa mkono mpaka ghorofa ya nne na kuwekwa kwenye benchi la waombaji kazi.

Baadaye Gashe aliniambia angeweza kusema yeye ni nani. Lakini wiki mbili zile hakuna aliyempa kiti.

Usaili ulikwisha kwa dakika kumi. Meneja, Ato Berihun, yaani Bwana Berihun, alimuuliza kama anajua kompyuta, kama anatunza siri, na kama magoti yake yanaziweza ngazi. Vyeti hakuna aliyeviulizia. Kuhusu umri walisema tangazo lilikuwa la zamani. Aanze Jumatano.

Jumatano alipanda akiwa na nia ya kuwaambia ukweli. Tirunesh akampa kiti, chai, na karatasi yenye maneno yote ya siri ya kampuni. "Mafunzo ndiyo hayo," akamwambia. "Usiipoteze tu, hatuna nyingine."

Saa sita ikafika, sinia likaletwa, shiro, mchuzi wa unga wa dengu, kwa sababu Jumatano ni mfungo wa kanisa na nyama hailiwi. Gashe akafungua kinywa aseme yeye ni mtafiti. Tirunesh akakijaza tonge. Kwetu ukilishwa kwa mkono wa mtu hukatai, na huwezi kukiri kitu ukiwa unatafuna. Akashuka jioni vidole bado vyekundu, akanisalimia mara mbili, kahawa akasahau kununua.

Alhamisi akala tena. Ijumaa asubuhi akaja kukaa kwangu, ile fomu tupu magotini.

"Etiye, wamenipa nafasi kwenye sinia," akasema; Etiye kwetu ni dada mkubwa.

"Basi kula. Shirika jingine la kuuliza halikosekani."

Akaikunja fomu, akaikunjua. "Nikiandika nilichokiona, pale sikai tena. Nisipoandika, siku mwizi mwenyewe akikaa kwenye lile benchi, watamlisha vile vile."

Nikammiminia kahawa, hakuinywa.

Yaliyofuata nilisimuliwa na Tirunesh. Saa sita, sinia likiwa katikati, Gashe alirudisha ile karatasi ya siri, akasema yeye ni nani, akaijaza fomu mbele yao. Mnaajirije? Kwa huruma. Mnakagua nini? Magoti. Mnafundisha vipi? Kwa chai. Ato Berihun akaisoma polepole, akatafuta pa kubishia, akakosa. Akatia sahihi.

Sasa, kwetu hata mgeni wa njiani akikukuta unakula unamwambia tule. Hata mdai unamwambia. Gashe alisimama pale akifunga mkoba wake ule mbovu, muda wa kutosha kabisa. Hakuna aliyemwambia tule. Tirunesh alisema alitaka kumwambia, akamtazama meneja, akaendelea kula.

Ripoti ilipokelewa. Ubaoni kuna tangazo jipya la wale wa bima: vyeti vitakaguliwa, mdhamini lazima, mafunzo miezi mitatu. Hilo limetokana na fomu ya Gashe, japo jina lake halipo.

Jumatatu nilidhani hatakuja tena, kazi imekwisha. Saa sita nikamwona na mfuko wake wa chakula. Safari hii hakugeukia ukuta, alikaa akitazama ngazi. Kila aliyeshuka kutoka ghorofa ya nne alimwambia, "Njoo tule." Wakajibu wameshiba, wakapita haraka. Tirunesh alipita akiangalia viatu vyake.

Alipomwambia wa sita, naye akapita, nikaweka birika chini. Nilikuwa nimeshakula, na tumbo limejaa. Nikanawa mikono.