Namba Mbili Zenye Jumla Moja

Karani wa chumba cha maiti walimwita Tisa, na jina likamkaa. Shule aliiacha baba yake alipofariki, lakini mapenzi ya hesabu hayakumtoka. Kila namba ya maiti aliyoinakili kutoka daftarini aliijumlisha tarakimu zake, halafu akajumlisha zile alizoandika mwenyewe. Jumla zikilingana, aligonga muhuri; ukaguzi huo aliuita kipimo cha tisa. "Kalamu inateleza," alikuwa akijipiga kifua, "tisa haitelezi." Na kweli, kwa miaka ishirini na miwili kila maiti alikwenda na watu wake.

Wauguzi aliwachekesha kwa mchezo mmoja: andika namba yoyote, badilishana nafasi za tarakimu mbili, kisha toa ndogo kwenye kubwa, jibu lazima ligawanyike kwa tisa. Aliucheza miaka yote hiyo, mtu na akili zake, asijiulize hata siku moja mchezo huo ulikuwa unamwambia nini yeye.

Jumatatu walikuja ndugu wa fundi baiskeli aliyesagwa na lori, namba 7,304,185. Tisa akaandika kibali, akajumlisha: ishirini na nane. Daftarini: ishirini na nane. Akagonga muhuri. Mhudumu akatoa maiti kwa namba ya kibali, amefunikwa gubigubi. Ndugu walishaonywa kwamba uso wake hautazamiki, kwa hiyo hawakumfunua. Wakaenda kuzika.

Alhamisi akaja mama mmoja mshona mashuka kumchukua mwanawe, aliyekufa kwa homa ya mapafu, namba 7,304,158. Droo ilikuwa tupu.

Tisa akatafuta nakala ya kibali cha Jumatatu. Akaijumlisha mara tatu, na mara zote tatu ikatoka ishirini na nane. Ndipo akaziandika namba mbili, ya daftari na ya kibali, moja chini ya nyingine, akatoa. Ishirini na saba. Tisa mara tatu: tarakimu mbili zilikuwa zimebadilishana nafasi.

Msimamizi akamvuta pembeni. "Sema mhudumu alichanganya droo. Umebakiza miaka mitatu ustaafu, bwana."

Tisa akatikisa kichwa. Alirudi kwa yule mama akamweleza yote: kwamba mwanawe amezikwa na watu wasiomjua, kwa jina la fundi aliyesagwa na lori, na kwamba kufukua kaburi kunahitaji amri ya mahakama, huenda wiki tatu. 

Mama hakupiga kelele. Aliomba aone karatasi yenye zile namba mbili, akaweka kidole.

"Hii mwisho wake tano. Hii nane."

"Ndiyo, mama."

"Mimi niliishia darasa la pili, na naona."

"Ndiyo, mama."

"Sasa wewe ulikuwa unatazama nini, baba?"

"Jumla yake."

Mama aliikunja karatasi taratibu, akamrudishia. "Mwanangu hakuvunjika hata kidole," alisema. "Ungemfunua tu, ungejua siye."