Istikhara ya Kocha Msaidizi

Makocha wakuu nimewatumikia wengi, na karibu wote nimewapokea uwanja wa ndege mimi mwenyewe. Wanakuja na mabegi makubwa na kompyuta zilizojaa video, wanapewa nyumba nzuri, wanaahidi ubingwa, na kabla mke hajamaliza kuchagua mapazia wamekwishafukuzwa. Mimi nabaki. Mimi ndiye ninayejua mchezaji gani lazima apigiwe simu ya kumwamsha, na ni yupi ambaye ukimfokea mbele ya wenzake hutampata tena msimu mzima. Kocha akitoa neno kali kwa Kireno, linapita kwanza kwenye Kiingereza cha mkalimani, kisha mimi nawafikishia vijana kwa Kiarabu cha hapa likiwa limeshapoa. Mama yangu aliwaita makocha hao wapangaji. "Mpangaji wenu mpya vipi?" aliniuliza kila msimu ulipoanza. "Ameshafungua begi?"

Nimezaliwa Deira, hapa Dubai, mtoto wa Waunguja waliofika hapa mji huu ungali vumbi tupu. Hapa nimesoma, hapa nimecheza mpaka goti la kushoto likakataa, na hapa nimepata vyeti vya ukocha, kimoja baada ya kingine, hadi kile kinachoniruhusu kuongoza timu ya ligi kuu. Kimetundikwa sebuleni kando ya picha ya marehemu baba. Nasema hivi ili nisije nikaonekana mtu aliyebebwa. Nilichokosa ni timu ya kuiita yangu.

Si kwamba sikuitwa. Niliitwa mara mbili niwe kocha mkuu, mara ya kwanza na klabu moja ya Salalah, kule Omani, nikiwa kijana bado, mara ya pili na klabu ya Mombasa, ndevu zimeanza kupata mvi. Mara zote mbili nilifanya kama tunavyofanya nyumbani kwetu. Nilikwenda kwa mama nikamwomba anisalie istikhara.

Istikhara ni rakaa mbili na dua ya kumwomba Mungu akuelekeze kwenye lenye kheri unapokuwa njia panda. Masheikh watakwambia, na ni kweli, kwamba anayeisali ni mwenye haja mwenyewe. Lakini kwetu tangu zamani haja zote zilikuwa za mama. Nilipotaka kuoa, alisali yeye. Tulipotaka kuiacha nyumba ya Deira tuhamie Silicon Oasis, alisali yeye. Sisi wengine tulisubiri jibu kama watu wanaosubiri wali uive. Ya harusi ilikuja nyepesi, nikaoa. Ya nyumba ilikuja nyepesi, tukahama. Ya Salalah aliniambia imekuja nzito, na ya Mombasa vilevile, nami nikawapigia simu wale watu nikawaambia samahani, sijajaaliwa.

Hii ya tatu ilianzia Al Ras, kwenye soko la viungo. Mwenyekiti wa klabu moja ya Dar es Salaam ni mfanyabiashara, huja Dubai mara kwa mara kununua iliki na viungo vingine, na siku hiyo alinitaka tukutane huko huko sokoni. Tulizungumza tumesimama mlangoni mwa ghala, tukiwapisha wapakizi na mikokoteni yao, yeye jicho moja kwangu na jingine kwenye magunia yake.

"Kocha, nimeangalia mechi zenu," alisema. "Yule Mreno wenu anakaa. Anayesimama ni wewe."

"Kusimama ndiyo kazi niliyopewa."

"Basi njoo usimame kwetu. Mkuu, sio msaidizi. Wachezaji utachagua wewe, benchi la ufundi utapanga wewe. Ila nakwambia mapema tusije tukalaumiana: tukifungwa mfululizo, mashabiki watakuja mpaka getini kwako."

Nilicheka, lakini moyoni nilifurahi kama mtoto. Katika maisha yangu yote ya mpira hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mimi ni wa kufuatwa getini. Aliniuliza umri, nikamwambia hamsini na tatu. Akatikisa kichwa.

"Basi usichelewe. Ijumaa narudi nyumbani, nataka jibu kabla sijapanda ndege. Usipokuja wewe kuna Mserbia anasubiri, na yeye mama yake hahitaji kuulizwa."

Sijui hilo la mama alilisikia wapi. Mji huu kwa Waswahili ni mdogo sana.

Hata mkurugenzi wa klabu yangu alilisikia jambo lenyewe kabla sijafika nyumbani. Kesho yake aliniita, akanimiminia kahawa kwa mkono wake, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. "Khalas, yaishe," akasema, "tunakupa akademi yote. Watoto wote chini yako, ofisi yako mwenyewe. Huko unakotaka kwenda watakufukuza kabla ya mvua zao." Ilikuwa kazi nzuri, sitaki kuibeza. Ilikuwa kazi ya mtu kuzeekea, na hilo ndilo lililonitia baridi. Nilijiona nimekaa katika ofisi hiyo nikiwapa watoto medali za plastiki mpaka siku ya kustaafu, sijapata kujua hata mara moja kama timu ingenifuata uwanjani.

Mke wangu aliponisikiliza hadi mwisho alisema, "Mimi nakufuata, leo au baadaye. Lakini najua utakwenda chumba cha pili kuuliza."

Nilikwenda. Mama alikuwa amekaa kitandani na sinia, anachambua mchele. Mchele wa hapa unatoka dukani hauna hata chembe ya mchanga, lakini hajawahi kuuamini, huuchambua kila siku punje kwa punje. Nikamweleza yote, la Dar na la akademi.

"Dar," akasema.

"Dar, Bi Mkubwa."

"Peke yako?"

"Mwanzo peke yangu. Mke wangu atakuja nikishatulia, na wewe ukitaka."

"Mimi siendi pahala." Vidole vyake havikusimama. "Haya. Niache."

Baada ya hapo alibadilika. Chakula alikigusa tu akakirudisha. Hakuniuliza habari za mpangaji. Nikapita mlangoni nikamwona ameshika tasbihi bila kuivuta, anatazama ukuta. Nikajua kwamba jambo hili ni zito kwake, na nikadhani ni uzito wa ibada. Nilimwonea huruma, hata nikajilaumu kwa kumtwika mwanamke wa umri ule mizigo ya mpira.

Jumatano nilirudi kutoka mazoezini, akaniita baada ya kusali alasiri. Nilikaa chini na soksi zangu zenye nyasi, kama nilivyokaa nilipokuwa mtoto wa skuli.

"Imekujaje, Bi Mkubwa?"

"Sijasali."

"Si neno, kesho ipo."

"Wala kesho sisali." Akaendelea akitazama mikono yake. "Na ile ya Salalah sikusali. Na ile ya Mombasa sikusali."

Nilimsikia vizuri lakini maneno hayakuingia. Nikasema jambo la kipumbavu: "Lakini uliniambia imekuja nzito."

"Nilikwambia."

"Mara zote mbili."

"Mara zote mbili. Ya harusi nilisali. Ya nyumba nilisali. Hizi za kuondoka sikuweza. Baba yako alikwenda Kuwait kufanya kazi, akasema miezi michache tu, nikaletewa sanduku la maiti. Wewe unatambaa. Sikuzaa mwengine. Kila nikitandika msala nikusalie, naingia khofu Mungu atasema uende. Basi nikaukunja."

Nitasema wazi: nilikasirika, na sijawahi kukasirika hivyo kabla wala baada. Nilinyanyuka, nikatoka, nikaendesha gari barabara ya Al Ain bila kujua naenda wapi. Ile klabu ya Salalah ilipanda daraja baadaye chini ya mtu ambaye nilicheza naye, mtu asiyejua hata kupanga ukuta wa frikiki. Ya Mombasa sikuifuatilia, kwa sababu sikutaka kujua. Kila mpangaji alipofukuzwa, na klabu ikaagiza mwingine badala ya kunitazama mimi niliyesimama pale pale, nilijiambia ndivyo nilivyoandikiwa. Nilikuwa nimejifunza kuvumilia majaaliwa. Kumbe majaaliwa yalikuwa chumba cha pili, yananichambulia mchele.

Siku hiyo sikusema naye tena. Asubuhi ya Alhamisi nilifanya jambo ambalo kwetu halifanywi, nilipita mlango wa mama bila kutoa salamu.

"Amesikia viatu vyako," mke wangu alisema jikoni.

"Na asikie."

"Haya. Utawajibu nini wa Dar?"

"Nitawaambia nakuja. Leo hii hii."

Akaweka kikombe chini. "Ukienda kwa sababu unaitaka timu, mimi nitakukunjia nguo. Ukienda ili umkomoe mama, nguo kunja mwenyewe."

Alikuwa amesema kweli. Tangu jana nilikuwa nikiwaza uso wa mama siku ya kuondoka kwangu kuliko nilivyowaza timu. Sikuwa nimewaza hata mchezaji mmoja.

Basi adhuhuri, badala ya kwenda kula na wenzangu klabuni, nilibaki kwenye chumba cha kubadilishia nguo, nikatandika taulo safi nikasali istikhara yangu ya kwanza. Dua yake sikuwa naijua kwa moyo. Mwanamume wa hamsini na tatu, mtoto wa watu wa msikitini, naisoma kwenye simu polepole kama mtu anayejifunza herufi. Ndani ya dua hiyo kuna pahala unapotakiwa uitaje haja yako, na nilipofika hapo nilikwama. Nilijaribu kusema Dar, nikaona si Dar. Nilijaribu kusema ukuu, nikaona aibu. Mwishowe nikasema nataka timu iliyo mikononi mwangu, hata ikinishinda, hata nikifukuzwa, na machozi yakanitoka yenyewe pale juu ya taulo, huku mashine za kufulia jezi zinanguruma chumba cha jirani.

Sikuota ndoto wala sikuona ishara. Ninachoweza kusema ni kwamba nilipoinuka ile hasira haikuwa imekaa tena mbele, na haja ilikuwa bado ipo. Nikampigia mwenyekiti. Nilimsikia akimfokea mpakizi, kisha akaniambia, "Karibu nyumbani, kocha," nami sikumsahihisha.

Kumwambia mkurugenzi hakukuwa kugumu. Alinikumbatia, akasema inshallah akademi itanisubiri, na sote wawili tulijua haitasubiri. Kumwambia mama ndiko kulikonichukua muda. Nilisimama mlangoni nikatoa salamu mbili, ya saa ile na ile niliyoiruka. Akaitikia zote.

"Nimesali mwenyewe," nikamwambia. "Nakwenda."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

Akarudi kwenye sinia lake. Sikumwomba aniambie samahani, na yeye hakuisema. Kusema kweli mpaka leo hatujaisema. Siku zilizobaki alipika vitu nilivyovipenda utotoni, vyote, kana kwamba naenda kufungwa jela. Siku moja katikati ya chakula aliuliza, "Hao watu wa Dar, wakikufukuza utarudi?"

"Nitarudi, Bi Mkubwa."

"Basi Mungu awape haraka."

Mke wangu alicheka mpaka akapaliwa, na mimi nikacheka, na mama mwenyewe akacheka akifunika mdomo na kanga. Halafu akalia. Hakuondoka mezani, alilia pale pale, akaendelea kunipakulia.

Siku ya safari teksi ilikuwa imeshafika chini. Nilikuwa naburuta begi kuelekea mlangoni mama alipotoka chumbani na msahafu. Kwetu msafiri hupitishwa chini ya msahafu kizingitini mara tatu: hutoka, hurudi ndani, hutoka tena, hurudi, kisha hutoka ya mwisho, ili aende na arudi katika hifadhi ya Mungu. Mimi sikuwahi kupitishwa, kwa kuwa sikuwahi kusafiri safari ya kupitishiwa. Mama ni mfupi na mimi ni mrefu, na mikono yake siku hizi haipandi juu ya kichwa. Nikalisukumia begi nje koridoni, nikapiga magoti, lile zima na hili bovu, akaunyanyua msahafu kwa mikono miwili, nikapita chini yake kwa kutambaa.

"Rudi," akasema.

Nikarudi ndani, nikageuka, nikapita tena.

"Rudi."

Nikarudi. Mikono yake ilikuwa imeanza kushuka sasa, mke wangu akasogea amsaidie kushika, naye akakataa kwa kichwa. Nikapita mara ya tatu. Nilibaki nimepiga magoti kwenye korido ya jengo letu, mgongo nimempa, nikasubiri, kwa sababu maisha yangu yote nimesubiri aseme. Hakusema tena rudi. Nilisikia pumzi yake, kisha nikausikia mlango ukifungwa nyuma yangu, taratibu, kwa mkono wake.