Mchungaji Aliyesema Hajui

Gottlob Riethmüller alikuwa mtoto wa mwoka mikate, na hata alipokuwa mdogo hakuweza kutulia kitini. Mama yake alimwekea nadhiri angali tumboni: huyu akizaliwa mwanamume, atakuwa mchungaji. Kwa kuwa kichwa chake kilikuwa chepesi, serikali ya Württemberg, huko Ujerumani, ilimsomesha bure mpaka akafika chuo kikuu cha Tübingen kusoma thiolojia.

Huko ndiko alikopata jiwe la kumkaa kiatuni maisha yake yote. Asubuhi moja profesa wake, mzee mpole mwenye mafua yasiyokwisha, alizilaza injili zote nne mezani, ubavu kwa ubavu, akaanza kusoma habari za kaburi tupu. Hapa malaika mmoja, pale wawili. Hapa wanawake wanakimbia bila kumwambia mtu, pale wanakwenda kutangaza. Profesa akapenga kamasi, akasema, "Mabwana, tujiulize kwanza nani aliandika, lini, na kwa ajili ya nani. Mengine yatafuata."

Wenzake Gottlob walitoka wakicheka na kubishana, wakaenda kunywa bia. Yeye alishuka mtoni akatembea mpaka viatu vikaloa. Hakuwa amepoteza imani, la. Ila alijiona kama mtu aliyeishi miaka yote katika nyumba ya babu yake, kisha akaambiwa kwamba kuta zilijengwa na mafundi wengi, kwa nyakati mbalimbali, na hakuna hata mmoja anayejulikana jina.

Alifaulu mitihani, akapelekwa Hohenried, kijiji cha juu milimani ambako upepo haupumziki, awe msaidizi wa mchungaji mzee aliyepooza. Dada yake Rosine, ambaye hakuwa ameolewa na ulimi wake ulikuwa na makali, alikwenda kumtunzia nyumba.

"Kaka, kaa chini, unakula kama farasi aliye safarini," alikuwa akimwambia. "Supu haikukosea kitu."

"Nawaza mahubiri."

"Wahubirie Mungu anawapenda, kisha uje ulale. Nani atakuuliza zaidi?"

Kweli hakuna aliyemuuliza, lakini walimtazama. Hohenried ilikuwa na watu walioitwa watu wa Saa, kwa sababu kila Jumapili alasiri walikusanyika nyumbani kwa mmoja wao kusoma Maandiko kwa saa nzima. Kiongozi wao alikuwa Matthäus Schnaible, mfumaji wa kitani, mjane, mrefu kama mlingoti, asiyejua mzaha. Kanisani alikaa benchi la mbele na kumkazia macho Gottlob tangu wimbo wa kwanza hadi baraka.

"Ni mmoja wa wale wa Tübingen," aliwaambia wenzake, tena kwa sauti ya kusikika. "Husema 'imeandikwa', lakini hasemi 'ni kweli'. Mnasikia tofauti?"

Gottlob aliisikia, ikamchoma, maana mfumaji alisema kweli. Kila Jumapili alichagua maneno kama mtu anayevuka barafu nyembamba. Akitoka kanisani hakwenda nyumbani. Alikwenda mashambani, upepo ukimpiga, akijibishana na nafsi yake. Kunyamaza kulikuwa kusema uongo. Kusema kulikuwa kuwapokonya watu fimbo wanayoegemea. Afanye lipi?

Ndipo viazi vilipoanza kuoza ardhini, mwaka hata mwaka. Watu walichanganya unga na pumba, kisha na magome. Homa ikaingia. Wiki ile ya kabla ya Pasaka akafa Bärbel, binti pekee wa Schnaible, na Gottlob akamzika kwenye theluji iliyochelewa.

Jumamosi mchana Schnaible akabisha mlango. Hakuvua kofia, hakukaa.

"Bwana Mchungaji, kesho utatuambia amefufuka. Leo usinihubirie. Niambie kama mtu na mtu. Alifufuka?"

Rosine, akiwa jikoni, aliacha kukoroga. Jibu lilikuwa tayari kinywani mwa Gottlob, neno moja tu, nalo lingemtuliza mzee. Lakini mzee mwenyewe alikataza mahubiri.

"Sijui ilivyokuwa asubuhi ile, Mzee Schnaible," akasema. "Walioandika hawakuwapo. Waliandika yale waliyoamini. Nami natamani kuamini pamoja nao, kila siku natamani. Zaidi ya hapo sijui."

Schnaible akatoka. Hakuubamiza mlango.

"Umemuua," Rosine akasema. "Mwanawe hajapoa kaburini, nawe unampa 'sijui'?"

"Aliniuliza!"

"Hata mgonjwa wa homa huomba maji ya baridi yatakayomdhuru. Si lazima umpe."

Siku ya Pasaka mabenchi ya mbele yalikuwa matupu. Si Schnaible aliyeeneza habari. Jirani mmoja alikuwa amesimama uani na masikio wazi. Majani yalipoanza kuchipua, Mkuu wa Jimbo wa kanisa akapanda mlimani kwa gari la farasi kuja kusikiliza shauri.

Walikaa sakristia, chumba cha nyuma ya madhabahu. Wazee wa kanisa walijipanga ukutani. Mkuu wa Jimbo, mtu mnene aliyechoshwa na safari, akamgeukia mfumaji.

"Schnaible, wewe ndiye uliyeambiwa. Je, huyu kijana alikana ufufuo?"

Kila mtu alijua Schnaible hajawahi kusema uongo. Aliwahi kurudi sokoni ili tu amwambie mnunuzi wa kitambaa chake kwamba uzi mmoja una kasoro. Akasimama, akageuza kofia yake mikononi.

"Hapana," akasema. "Aliniambia Bwana amefufuka kweli. Jirani alisikia vibaya."

Chumba kikapumua. Mkuu wa Jimbo akafurahi, kwani alitaka kuwahi chakula. Gottlob aliona masikio ya mzee yamekuwa mekundu kama ya mtoto aliyefumaniwa. Angenyamaza tu, mambo yangekwisha. Alijikuta amesimama.

"Mheshimiwa, Mzee Schnaible ananisitiri. Nilimwambia sijui."

"Mpumbavu wewe," Schnaible akasema polepole. Kisha akaketi, akafunika uso kwa kofia, mbele ya watu wote waliomheshimu.

Basi Gottlob akafutwa uchungaji. Siku ya kufunga mizigo Rosine alisubiri mpaka sanduku la mwisho.

"Yule mtu alikupa kitu pekee alichobaki nacho," alisema. "Ukakitupa chini ili uonekane mkweli. Ukweli wako una kucha, kaka."

Gottlob alikuwa na miaka mingi mbele yake ya kulitafuta jibu, wala hakulipata.

Akawa mwalimu wa Kiebrania na Kigiriki katika shule ya mjini, bondeni. Alifundisha akizunguka darasani, chaki mkononi, akiuliza lile lile: nani aliandika, lini, kwa ajili ya nani? Vijana wake wakawa wachungaji, wengine maprofesa, wengine wakavuka bahari hadi Amerika na swali lile mfukoni.

Mmoja wao alipangiwa Hohenried. Baada ya miezi michache alimwalika mwalimu wake, na Gottlob, nywele zikiwa zimeingia mvi, akapanda mlima akiwa na hofu. Alimkuta Schnaible kwenye mtambo wake wa kufumia, mgongo umepinda.

"Sijakusamehe," mzee akasema bila kuinua macho.

"Najua."

"Nilitenda dhambi kwa ajili yako, nawe ukaitangaza."

"Najua, mzee. Nimekuja kukuomba radhi, si kujitetea."

Mtambo ukagonga, ukagonga tena. Hatimaye Schnaible akausimamisha.

"Huyu kijana wako ametuvuruga huko Saa. Anasema Isaya ni watu wawili, ati kitabu kimoja, waandishi wawili. Tumegombana tangu Krismasi, wengine wamehama. Mimi nimekaa." Akajikuna shingo. "Huyo wa pili, anayesema 'wafarijini watu wangu'. Jina lake hakuna anayelijua?"

"Hakuna."

"Na aliwaandikia nani?"

"Watu walioondolewa kwao. Waliopoteza karibu kila kitu."

Schnaible akasogeza marobota ya kitani, akampa Gottlob nafasi kwenye benchi. "Keti. Nieleze polepole, maana nitakupinga."